Marubani na Wafyeka Nyasi

Ngara haijulikani kwa klabu za urubani. Mtu akiitaja wilaya hiyo ya mkoa wa Kagera, iliyobanwa kati ya Rwanda na Burundi, hukumbuka daraja la Rusumo, nikeli ya Kabanga, migomba, na kambi za wakimbizi: Benaco, Lumasi, Musuhura, Lukole. Hata hivyo, katika miaka ya Lukole ndege ndogo zilikuwa sehemu ya maisha ya huko, na kila ndege ndogo inayotua kwenye kiwanja cha vumbi upande huu wa Ziwa Victoria ina ukoo wake. Ukiufuata ukoo huo kwenda nyuma utafika kwenye klabu ya walowezi mjini Nairobi. Ukizidi kurudi nyuma, utakuta vichuguu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza walijikuta na marubani wengi wasio na kazi, pamoja na koloni jipya walilowanyang'anya Wajerumani. Tanganyika ndiyo iliyowaunganishia ardhi yao kutoka Misri hadi Afrika Kusini, na mara moja wakaanza kuota njia ya anga ya kuipita yote. Ndege za wakati ule hazikuweza kwenda mbali bila kutua. Mwaka 1919 vikosi vya wapima ardhi vikatumwa kutafuta mahali pa kutua, kituo baada ya kituo, na kwa upande wetu mstari ukapita Kisumu, Mwanza, Tabora, kisha Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia.

Adui yao mkubwa hakuwa simba. Alikuwa mchwa. Kwa mkulima wa huku kichuguu ni mali: udongo wake unafaa kwa matofali na kusiriba nyumba, na mvua zikianza kinatoa kumbikumbi. Kwa rubani ni ukuta. Na kukiondoa si kazi ya asubuhi moja. Ukikata kichwa tu, baada ya wiki chache kimeota tena. Lazima kichimbwe hadi kwa malkia, kisha shimo lijazwe udongo mgumu na kushindiliwa, la sivyo ardhi itabaki na utupu chini na gurudumu la ndege litatitia. Kazi hiyo ilifanywa na vibarua kwa majembe na mapanga, mamia yao, kwenye mstari mzima. Wapimaji wameandikwa majina na vyeo vyao. Vibarua wameandikwa kwa wingi wao.

Kazi yao ilitahiniwa mapema. Tarehe 27 Februari 1920, ndege aina ya Vickers Vimy Commercial iliyobeba matumaini ya gazeti la The Times la London ilianguka Tabora. Ndani walikuwamo marubani Cockerell na Broome, pamoja na Peter Chalmers Mitchell, katibu wa Jumuiya ya Zuolojia ya London, aliyekuwa akilipelekea gazeti habari za safari kwa simu ya maandishi. Hawakuumia sana, lakini mbio zao za kuwa wa kwanza kufika Cape Town kwa ndege ziliishia pale. Mwezi uliofuata Waafrika Kusini wawili, van Ryneveld na Brand, ndio waliofika, baada ya kuharibu ndege mbili na kumalizia safari kwa ya tatu. Miaka minane baadaye Tabora ikaangusha nyingine. Safari hii ilikuwa ya Lady Mary Bailey, aliyekuwa akiruka peke yake kutoka Uingereza kwenda Cape Town. Ilibidi aletewe ndege nyingine ndipo aendelee, akaendelea kweli, na hata kurudi alirudi kwa anga. Watu wa Tabora wa enzi hizo wangekuwa na haki ya kuamini kwamba ndege ni chombo cha kuangukia.

Kati ya maanguko hayo mawili walipita wengine waliobahatika zaidi. Mwingereza Alan Cobham alikwenda Cape Town na kurudi kati ya mwaka 1925 na 1926. Mswisi Walter Mittelholzer alitoka Zurich Desemba 1926 kwa ndege inayotua majini, akawa anarukaruka kutoka ziwa hadi ziwa, akafika Cape Town Februari 1927. Mittelholzer alikuwa na akili ya pekee: kwa kutua kwenye maji hakumhitaji mtu yeyote amfyekee nyasi. Alikuwa pia mpiga picha, na Januari 1930 akarudi na kuruka juu ya Kilimanjaro, akaupiga picha mlima kwa pembe ambayo haikuwa imewahi kuonekana.

Hao wote walikuwa wapita njia. Klabu ni habari nyingine. Klabu ni watu wanaoishi mahali, wanaochanga fedha, wanaonunua ndege moja na kuigombania.

Kilichowezesha hayo ni ndege yenyewe. Mwaka 1925 kiwanda cha de Havilland cha Uingereza kilirusha kwa mara ya kwanza DH.60, iliyoitwa Moth. Ilikuwa ya mbao na kitambaa, yenye mabawa mawili upande huu na mawili upande ule, na viti viwili vilivyo wazi, kimoja nyuma ya kingine. Mabawa yalikunjwa kuelekea nyuma, kwa hiyo ungeweza kuiingiza kwenye banda la kawaida na kuivuta barabarani kwa gari. Mwalimu na mwanafunzi walizungumza kwa mpira wa kusemea, kwa sababu upepo na injini viliifuta sauti ya kawaida. Injini haikuwa na swichi ya kuwashia kama gari la leo. Mtu alisimama mbele, akalishika pangaboi kwa mikono miwili, akalivuta chini kwa nguvu na kuruka nyuma kabla halijamkata. Serikali ya Uingereza ikaanza kuzipa ruzuku klabu zilizofundisha raia kwa ndege hizo, na mtindo ukaenea makoloni.

Nairobi ilikuwa tayari. Mwaka 1927 ikaanzishwa Aero Club of East Africa, ambayo ipo hadi leo katika uwanja wa Wilson. Waanzilishi wake walikuwa walowezi: wenye mashamba ya kahawa na mifugo, wawindaji, watu wa cheo na watu wa madeni. Wapo waliotaka starehe tu. Lakini tusiwaonee, hata hitaji lilikuwepo. Mashamba yalitawanyika, barabara za masika zilikuwa matope matupu, na safari ya siku mbili kwa gari ingeweza kuwa ya saa moja na nusu kwa Moth. Tatizo la Nairobi ni kwamba iko juu, zaidi ya meta 1,600 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, injini inapungukiwa pumzi, mabawa yanapata kidogo cha kushikilia, na jua likishakolea mambo yanazidi kuwa mabaya. Mwanafunzi aliyefundishwa Uingereza angeshangaa kuona miti ya mwisho wa kiwanja inamjia na magurudumu bado yako chini. Ndiyo maana marubani wa huku tangu zamani hupenda kuruka asubuhi.

Klabu ilianza kuzika mapema. Machi 1928 Maia Carbery, mke wa mlowezi tajiri John Carbery aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuleta ndege binafsi Kenya, alianguka na kufa Nairobi pamoja na mwanafunzi wake. Mei 1931 ikawa zamu ya Denys Finch Hatton, mwindaji aliyependwa na watu wake. Gipsy Moth yake ilipaa kutoka Voi, ikageuka, ikaanguka na kuwaka moto. Hakuwa peke yake. Kiti cha pili alikuwamo mtumishi wake Mkikuyu. Kuhusu Finch Hatton tuna vitabu, filamu, kaburi lenye mnara katika vilima vya Ngong, na orodha ya ukoo wake hadi mababu. Kuhusu mwenzake tuna jina moja, Kamau.

Namtaja kwa sababu ni katika watu wachache wa upande wa wafyeka nyasi waliowahi kuingia kwenye maandishi ya klabu zile. Wengine waliokuwa wakilivuta pangaboi, wakilala bandani kulinda mafuta, wakiwafukuza ng'ombe kiwanjani na kushikilia ncha za mabawa upepo ukivuma, hawakuwa wanachama. Klabu ilikuwa ya Wazungu, na hakuna aliyeona haja ya kulieleza hilo.

Pamoja na hayo, starehe ya wachache ilizaa huduma haraka kuliko mtu angetazamia. Mwaka 1929 mjane mmoja, Florence Kerr Wilson, alitoa fedha zake akaanzisha kampuni ya Wilson Airways pamoja na rubani Tom Campbell Black. Ilianza na Gipsy Moth. Ikabeba barua, wagonjwa, wafanyabiashara na maofisa, ikafika hadi Dar es Salaam na Zanzibar. Campbell Black ndiye aliyemfundisha urubani Beryl Markham, binti aliyekulia Njoro, ambaye Septemba 1936 alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia. Mwezi huohuo Campbell Black mwenyewe akafa kiwanjani Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga yake ikiwa chini. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, jeshi likachukua ndege na marubani wa Wilson Airways, na kampuni haikufufuka. Jina la mama huyo lilipewa uwanja wa Nairobi Magharibi mwaka 1962, na hapo ndipo linaposomeka hadi leo.

Upande wa ziwa nako mambo yalikuwa yamesogea. Februari 28, 1931, Imperial Airways ilifungua huduma ya barua kutoka London, na mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Kwa takriban mwaka mmoja, kabla njia haijaendelezwa hadi Cape Town Januari 1932, Mwanza ndiyo iliyokuwa kikomo cha barua za ndege za Afrika. Sehemu ya njia hiyo ilirukwa na ndege zinazotua majini. Bukoba, iliyokuwa na kahawa na wamisionari, ilitazama haya kutoka ng'ambo ya maji. Ngara na Biharamulo zilikuwa mbali zaidi: watu na mizigo walikwenda kwa miguu, baadaye kwa malori, na aliyeugua sana alibebwa kwa machela.

Machela ndiyo iliyoileta awamu ya pili ya hadithi. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha shirika ambalo sasa tunaliita Amref. Wazo walilizungumza shambani kwa Wood, kwenye miteremko ya Kilimanjaro upande wa Tanganyika. Hospitali zilikuwa chache, mabingwa wachache zaidi, na mgonjwa wa shamba hakuweza kumfikia daktari. Basi daktari amfuate. Wood alijifunza urubani akiwa mtu mzima, kama vile wanachama wa klabu walivyojifunza, ila yeye kwenye kiti cha pili aliweka vifaa vya upasuaji. Makao yakawa uwanja wa Wilson, jirani na klabu. Redio zikasambazwa kwenye hospitali za misheni, ili muuguzi wa mbali aweze kueleza hali ya mgonjwa na kuambiwa kama ndege itakuja, na saa ngapi. Jibu la redio lilikuwa na swali lake la lazima: kiwanja kikoje?

Swali hilo ndilo lililobadilisha uhusiano wa watu na ndege. Kiwanja cha klabu kilifyekwa kwa ajili ya mwenye ndege. Kiwanja cha daktari arukaye kilifyekwa na kijiji kwa ajili ya mwanakijiji. Mvua ikinyesha usiku, lazima mtu akanyage uwanja mzima asubuhi kuona mahali ardhi imelainika. Lazima mbuzi waondolewe, mashimo ya wanyama yazibwe, kitambaa cha kuonyesha upepo kipandishwe mlingotini. Rubani akifika hupita kwanza chini chini bila kutua, kuangalia na kuwafukuza waliosahau, kisha hugeuka na kuja kweli. Mashirika ya kidini yakafuata njia hiyo: MAF (Mission Aviation Fellowship) ikaweka kituo Dodoma, na ndege zake ndogo zikawa zinafika vijiji ambavyo lori hushindwa kuvifikia masika.

Marubani wa Kiafrika walichelewa kuja, nao hawakupitia klabu. Walipitia dola. Shirika la East African Airways lilianza kazi mwaka 1946 kwa ndege ndogo sita za Dragon Rapide, lakini vyumba vya urubani vilibaki vya Wazungu kwa miaka mingi. Baada ya uhuru Tanzania iliwaita Wajerumani Magharibi wasaidie kuunda kikosi cha anga, wakaondoka mwaka 1965 kwa ugomvi kuhusu ubalozi wa Wajerumani Mashariki Zanzibar, wakaja Wakanada na ndege za Otter na Caribou. Hizo zilikuwa ndege za kutua popote, na zilifaa. Mwaka 1971 nchi tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikapata shule yao ya urubani Soroti, Uganda, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Kwa mara ya kwanza kijana wa Kisumu, wa Mbarara au wa Biharamulo aliyefaulu hesabu na fizikia aliweza kujifunza kuruka bila kuwa na baba mwenye shamba la kahawa. Haikudumu alivyotarajia. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, East African Airways ikafa, Air Tanzania ikaundwa, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na ndege za uwanja wa Wilson zilizozoea kuvuka bila taabu zikawa na taabu.

Kisha watu wa Kagera wakaijua ndege kwa sura nyingine. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, na ndege zake za kivita zikaipiga Bukoba mabomu. Zilijaribu pia kuliangusha daraja la Kyaka kwenye mto Kagera, zikashindwa, mpaka wataalamu wa baruti walipoletwa kulilipua kwa mkono. Mwaka uliofuata ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin iliilenga Mwanza, mabomu yake yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane. Swala ndio waliolipa.

Na ndege iliyoibadili Ngara kuliko zote haikutua Ngara. Haikukusudia hata kupita. Jioni ya Aprili 6, 1994, ndege ya Falcon 50 iliondoka Dar es Salaam baada ya mkutano wa viongozi wa kanda. Ilikuwa imewabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali, na watu wote 12 waliokuwamo wakafa. Mauaji ya kimbari yakaanza usiku uleule. Wiki tatu baadaye, Aprili 28 na 29, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilikuwa halijawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa kasi ile. Warundi walikuwa wameshaanza kuja tangu Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Muda si mrefu wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima.

Chakula cha umati huo hakikuja kwa ndege. Kilikuja kwa treni hadi Isaka, kisha kwa malori usiku na mchana, na barabara ya Rusumo ikajua uzito. Lakini dawa za haraka, chanjo, barua, wakaguzi, waandishi wa habari, wanadiplomasia na wahasibu wa mashirika vilikuja kwa ndege ndogo kutoka Mwanza, Kigoma au Nairobi. Wilaya ambayo haikuwa na hata barabara ya lami ya kuingilia mjini kwake ikawa na ratiba ya ndege. Ngara nayo iko juu, vilima vyake vimekaa vibaya, na mchana wa masika mawingu hupanda kutoka bonde la Ruvubu yakajaza anga kwa nusu saa. Mambo yaleyale yaliyowasumbua wanachama wa mwaka 1927 yakawasumbua marubani wa mashirika: hewa nyepesi, kiwanja kifupi, mzigo wa kupunguza. Rubani akisema mizigo imezidi, anayebaki chini ni mwenye cheo kidogo.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda warudi kwao ifikapo mwisho wa mwaka. Karibu nusu milioni kutoka Ngara na Karagwe wakarudi mwezi huo, wengi kwa kusukumwa na wanajeshi. Benaco ikabaki mabua na mashimo. Lukole ikaendelea na Warundi, ikagawanywa Lukole A na Lukole B, ikawa mji wa vibanda vya udongo na maturubai wenye mitaa iliyonyooka, soko, shule, makanisa, viwanja vya mpira na mabaa. Kwa ukubwa ilizidi miji mingi ya wilaya za Tanzania.

Ila mji huo ulikuwa na ukuta usioonekana. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilometa nne kutoka kambini bila kibali. Aliyefuata kuni au kibarua ng'ambo ya mstari huo alijiweka mikononi mwa polisi na mahakama. Kilometa nne kwa ndege ndogo ni dakika moja na nusu. Kila kizazi cha watoto wa Afrika Mashariki kimekimbia chini ya ndege kikipunga mikono na kuiagiza zawadi kwa sauti, na watoto wa Lukole walikuwa watoto kama wengine. Tofauti ni kwamba mtoto wa Ngara mjini, hata kama hakuwa na nauli ya basi, hakukatazwa kwenda Mwanza.

Katika masuala ya ndege, mimi nadhani Lukole iligeuza hesabu ya klabu juu chini. Aero Club ya 1927 iliwakusanya watu wachache walioweza kwenda popote, ikawasahau wengi waliofyeka. Ngara ya miaka ya tisini ilikuwa na ndege nyingi kuliko wakati mwingine wowote, na sababu ya kuwepo kwake ilikuwa watu walioamriwa wasiende popote. Orodha ya abiria ilitungwa na mashirika. Waliobeba mizigo kutoka mlango wa ndege hadi garini walikuwa vijana wa hapa. Mwaka 2008 Lukole ilifungwa, Warundi wengi wakarudi kwao, ofisi zikahama, na ratiba ya ndege ikaondoka pamoja nazo.

Swali la kwa nini kusiwe na klabu sasa linaulizika kirahisi kuliko linavyojibika. Kampala wanayo, katika kiwanja cha Kajjansi kando ya barabara ya Entebbe, na inafundisha wanafunzi. Lakini leseni ya rubani binafsi, kwa kanuni za kimataifa, kwa kawaida inadai saa zisizopungua 40 hewani, na kila saa inakunywa petroli maalumu ya ndege ambayo huipati kwenye kituo cha mafuta cha Kasulo, hapa wilayani. Kuna mafundi wa kulipwa, bima, ukaguzi. Klabu ya Nairobi ilibebwa na kahawa ya walowezi. Kahawa ya mkulima mdogo wa Ngara inalipa ada ya shule, na hiyo kwa shida.

Huenda njia imehamia kwenye ndege zisizo na rubani ndani. Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walijifunza kurusha ndege hizo na kuanza kuvipiga ramani visiwa vyao wenyewe, kazi ambayo zamani ingefanywa na kampuni ya ng'ambo. Mwaka huohuo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege za aina hiyo kutoka Muhanga, baadaye kituo cha pili kikawekwa Kayonza, katika jimbo linalopakana na Ngara. Mwaka 2018 dawa zilirushwa kwa majaribio kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilometa kama 60 juu ya maji. Hapa unaweza kuifikiria klabu: vijana kumi, mwalimu mmoja, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kompyuta inayofanya kazi umeme ukiwepo.

Lakini ziwa lilikuwa bado na neno lake. Asubuhi ya Jumapili, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa ikijaribu kutua Bukoba katika mvua na ukungu. Uwanja wa Bukoba umekaa ufukweni kabisa, na ndege ikaingia majini kabla ya kuufikia. Ilikuwa na watu 43. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, aliuendea mlango wa nyuma na kuusaidia kufunguka kwa kasia, watu wakaanza kutoka. Kisha akaelekea mbele walikokuwa marubani, na katika kujaribu kuwafungulia, kamba iliyovutwa ilikatika ikampiga usoni, akazinduka hospitalini. Watu 24 waliokolewa. Watu 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili, na mji ukawaaga katika uwanja wa Kaitaba.

Mchana ule, ndege ikiwa imezama hadi mkia, watu wa Bukoba walishika kamba ndefu na kuivuta kuelekea nchi kavu, wavuvi, bodaboda, askari na waliotoka kanisani, mpaka winchi ilipopata pa kuishikia. Serikali ilimpa Majaliwa shilingi milioni moja na kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.